Nilivyomshikia Mzee Tochi Ramnagar

Usiku wa kwanza nilitolewa. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Mzee mmoja aliyevaa dhoti nyeupe, shuka ya kufunga kiunoni, alinishika kiwiko, akanipitisha katikati ya watu waliokaa chini kama anavyotolewa mbuzi aliyeingia shamba la watu, akanifikisha pembeni chini ya miti. Akaigusa simu yangu iliyokuwa imewaka taa, akatikisa kichwa, akarudi zake. Mbele yetu, juu ya maji ya bwawa, mungu Vishnu alikuwa amejilaza juu ya nyoka mwenye vichwa vingi, na mimi nilikuwa nimemmulika usoni kama askari wa doria.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2022, katika mji mdogo wa Ramnagar, ng'ambo ya Banaras, kaskazini mwa India. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Banaras Hindu, nikisoma kilimo kwa ufadhili wa serikali ya India, na nilishajiona mwenyeji. Nilijua kukata bei na madereva wa bajaji (wao wanaziita auto, nilipowaambia kwamba kwetu jina la kampuni yao limegeuka kuwa jina la chombo chenyewe, walicheka hadi wakasahau kunipunguzia nauli). Nilijua mahali pa kununua samaki. Hata herufi zao nilishazisoma, polepole, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa madrasa. Nikadhani kwenda kutazama Ramlila, kisa cha Rama kinachoigizwa kila mwaka, ni sawa na kwenda kutazama kitu kingine chochote: unafika, unatafuta pazuri, unatoa simu.

Niueleze kwanza mji, maana bila mji huu hakuna Ramlila.

Mto Ganga ukifika Banaras unapinda ukaelekea kaskazini, na mji wote umejipanga ukingo wa magharibi kwa ngazi ndefu za mawe zinazoshuka hadi majini. Ngazi hizo ndizo ghat, na sisi tuliokulia karibu na bandari tunalo neno hilo hilo, gati, ila gati yao ni ya kuogea, kusali na kuchomea maiti. Ng'ambo ya mashariki sehemu kubwa ni mchanga mtupu. Ramnagar iko ng'ambo hiyo, upande wa juu ya mto, na ukiutazama kutoka chuoni kwetu kitu cha kwanza unachokiona ni ngome. Imejengwa kwa mawe ya Chunar yenye rangi kama ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo, na kuta zake zinapanda moja kwa moja kutoka kwenye maji. Aliyeijenga ni Raja Balwant Singh, katikati ya karne ya 18, na warithi wake wanakaa humo hadi leo. Vyeo vya wafalme vilifutwa kisheria nchini India mwaka 1971, lakini Ramnagar nzima bado inamwita Maharaja, na ukisema "yule aliyekuwa Maharaja" watu wanakutazama kama umemsema vibaya baba yao.

Ndani ya ngome, juu kabisa ya mto, kuna hekalu dogo la Vyas, mwenye hekima ambaye Wahindu wanasema ndiye aliyezipanga Veda, maandiko yao matakatifu ya kale. Kisa chake kilinifurahisha. Wanasema Vyas alikaa Kashi, ndiyo Banaras hiyo kwa jina lake la kale, akakosa sadaka ya chakula, akakasirika akaulaani mji. Shiva, mwenye mji, akamfukuza. Vyas akavuka mto akaweka makao ng'ambo, na tangu hapo ikawa anayefia Kashi roho yake inaachiliwa moja kwa moja, na anayefia upande wa Ramnagar anazaliwa tena punda. Mwenzangu wa chumba, kijana wa Ballia, kila nilipovuka daraja la Samne Ghat aliniaga kwa kuniambia niangalie magari, nisije nikarudi na masikio marefu. Watu wa Ramnagar wenyewe wanakujibu bila kutahayari: mwezi wa Magh, wakati wa baridi, mahujaji wanakuja kumwabudu Vyas, na habari ya punda inaishia hapo.

Hekalu la pili ni la Durga, nje kidogo ya ngome. Lilianzishwa na Raja Chet Singh katika karne hiyo hiyo ya 18. Mnara wake umechongwa safu juu ya safu, miungu, wanyama na wacheza ngoma, hadi jicho linachoka. Kando yake kuna bwawa kubwa la mraba lenye ngazi pande zote, na ndipo Vishnu alipokuwa amelala usiku ule nilipotolewa. Bwawa lilikuwa limegeuzwa bahari ya maziwa. Halikupakwa wala halikuwekewa chochote. Lilikuwa limetamkwa tu kuwa bahari ya maziwa, na watu elfu kadhaa walikuwa wamekubali.

Siku ya pili mwenzangu wa chumba alinisahihisha nilipoiita natak, yaani tamthilia. Natak, akasema, ni ile ya tiketi. Hii ni lila. Nikamuuliza lila maana yake nini, akafikiri kidogo, akasema: mchezo. Nikacheka peke yangu. Na sisi tuna mchezo wa mpira, mchezo wa watoto na mchezo wa kuigiza, na tukitaka kusema jambo ni zito tunasema huu si mchezo. Wao wanalo neno moja tu kwa kitoto na kwa kazi ya Mungu, na hawaoni tatizo.

Ramlila ni kisa cha Rama, ambaye kwao ni Vishnu aliyezaliwa mtu, mwana wa mfalme wa Ayodhya aliyepelekwa uhamishoni miaka 14, mkewe Sita akaibwa na Ravana wa Lanka, vita vikapiganwa, akarudi. India nzima inaigiza kisa hiki karibu na sikukuu ya Dussehra, mahali pengi kwa siku kumi, kwa vipaza sauti na taa za rangi. Ramnagar wanachukua siku 31. Ilianza mwanzoni mwa karne ya 19 chini ya Maharaja Udit Narayan Singh, na mrithi wake, Ishwari Prasad Narayan Singh, akakusanya wanazuoni wakatunga mazungumzo yanayosemwa hadi leo. Hakuna kipaza sauti. Hakuna taa ya umeme. Kuna karabai na mienge. Wala hakuna jukwaa. Niliuliza jukwaa liko wapi mara tatu kabla sijaelewa jibu. Mji ndio jukwaa. Karibu na ngome ni Ayodhya. Janakpur, alikotoka Sita, ni mtaa mwingine kabisa. Kuna Chitrakut, kuna Panchavati, na Lanka ni uwanja mkubwa nje ya mji, mwendo mrefu kwa miguu. Ukiuliza njia siku ya kawaida, wakati hakuna lila yoyote, muuza tambuu atakuambia pita Lanka kisha kata kushoto.

Siku ya tatu yule mzee aliniona tena. Simu ilikuwa mfukoni. Akanitazama kwa muda, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Afrika, Tanzania. Akauliza, "Kihindi unasoma?" Nikasema kidogo kidogo. Akafungua mfuko wa kitambaa, akatoa kitabu kikubwa kilichofungwa kwa nguo nyekundu, kisha tochi ya bati, ile ya betri mbili kubwa, akaniwekea mkononi. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, yote mawili. Akakaa, akakifungua kitabu magotini, akaninyooshea kidole mahali pa kumulika. Kuanzia jioni hiyo niliitwa beta, mwanangu, na mimi nikamwita Babuji.

Kumbe alikuwa mmoja wa wale wanaoitwa nemi. Jina linatokana na neno lenye maana ya kanuni au ahadi mtu aliyojiwekea, na kwa Kiswahili ningesema ni watu wa nadhiri. Nemi haji lila akipenda. Anakuja zote 31. Mchana anaoga Gangani, anavaa dhoti safi, anajipaka kitone cha uturi nyuma ya sikio, anavuka, anakwenda peku. Kitabu anachobeba ni Ramcharitmanas ya Tulsidas, aliyeanza kuitunga Ayodhya mwaka 1574, na kilichowaudhi baadhi ya wasomi wa zama zake ni kwamba hakutumia Kisanskriti. Alitunga kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa huko, ambayo bibi kizee asiyejua kusoma anaishika yote kichwani.

Inavyokwenda ni hivi. Wazee kumi na wawili, Ramayani, wanakaa chini karibu na alipo Maharaja, na ngoma yao na matoazi. Wanaimba mashairi ya Tulsidas. Uimbaji wao ni wa kukaza, kifua kizima, nusu yao wakitoa na nusu wakipokea. Mara ya kwanza uliniumiza masikio. Mara ya tano nikagundua kwamba nilikuwa naujua. Bibi yangu alikuwa akisoma tenzi baada ya magharibi, mizani nane, kituo, mizani nane, kituo, na sauti ikishuka kwenye kina cha mwisho hata kama maneno yanasema habari ya vita. Chaupai ya Tulsidas ina vipimo 16 kwa kila kipande, na mwishoni sauti inashuka vile vile. Maneno sikuyashika hata robo. Lakini nilijua mstari unakwisha lini, na kwa mshika tochi hilo ndilo lililotakiwa.

Wakifika mahali panapohitaji mazungumzo, Ramayani wananyamaza. Msimamizi mmoja, wanamwita vyas kama yule wa hekaluni, anasimama na daftari lake akapaza sauti: "Chup raho! Savdhan!" Nyamazeni! Tulieni! Elfu za watu zinanyamaza. Unasikia karabai inavyofoka. Kisha mtoto wa miaka kumi na kitu anaanza kusema maneno ya Rama, kwa kupiga kelele taratibu, silabi moja moja, uso haumbadiliki, mkono haunyanyuki. Kwa kipimo cha tamthilia tunazozijua ni uigizaji mbaya. Siku moja niliondoka mahali petu kwenda haja, na nikiwa narudi kutoka mbali kabisa, nyuma ya wauza karanga, nilimsikia neno kwa neno. Hapo nilielewa. Yule mtoto alikuwa anasema na mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho yuko mbali.

Watoto wenyewe ni watano: Rama, ndugu zake watatu, na Sita, ambaye naye ni mvulana. Lazima wawe wa ukoo wa Kibrahmani na sauti ziwe bado hazijavunjika. Wanafundishwa kwa wiki nyingi wakikaa pamoja mbali na kwao, na taji likishawekwa kichwani hawaitwi tena kwa majina yao; wanaitwa svarup, yaani sura yenyewe. Wanabebwa mabegani wasikanyage chini. Wazee wenye mvi wanainama kuwagusa miguu. Usiku mmoja nilikuwa karibu nao sana, nikamwona Lakshmana, mmoja wa ndugu za Rama, akipiga mwayo kwa kufumba mdomo, akiumeza, hadi machozi yakamtoka, na mtu aliyesimama nyuma yake na upepeo akampepea kidogo zaidi, bila kumtazama. Nimekaa nikifikiria ule mwayo kuliko vita vyote vya Lanka.

Kuna siku mbili sikwenda. Tulikuwa na mtihani wa maabara wa udongo. Niliporudi Babuji alikuwa amekaa pale pale, tochi imelala kando yake kwenye nyasi.

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana Babuji. Mtihani."

"Mgonjwa angekuja," akasema, akanipa tochi.

Sikukosa tena.

Mama alinipigia simu wiki hiyo. Dada alishamwonyesha picha niliyomtumia ya Maharaja akiingia kwa tembo, watu wamenyoosha mikono wakipaza "Har Har Mahadev!" maana wao wanamwona kama naibu wa Shiva. Mama hakuulizia tembo. "Mwanangu, unakwenda kuabudu masanamu?" Nikamwambia natazama tu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya. Sala zako usiziache." Sikuziacha, mapumziko yalinisaidia. Kila jioni lila inasimama karibu saa nzima Maharaja aende kwenye ibada yake ya magharibi, na umati wote unatawanyika kwa guava, karanga na lassi ya Ramnagar, mtindi wa kunywa wenye utando mnene wa malai, kwenye kikombe cha udongo unachokivunja ukimaliza. Mimi nilitafuta kona yangu nyuma ya ukuta wa bustani, nikasali. Lakini lile jibu, natazama tu, liliniwasha. Mtu anayetazama tu hashiki tochi.

Na usiku wa Rama kuondoka Ayodhya ndio ulionimaliza kabisa. Nilikuwa nimesubiri kuona tendo. Tendo hakuna. Watoto watatu wanavuliwa mavazi ya kifalme, wanavishwa ya kimaskini, wanaanza kutembea kutoka mjini, na watu wote, maelfu, wanatembea nyuma yao. Ndivyo kisa kinavyosema: raia wa Ayodhya walimfuata Rama wakilia, hawakutaka kurudi. Hakuna aliyetupa sehemu hiyo ya kuigiza, hakuna aliyetufanyisha mazoezi. Njia ilikuwa tope la mwisho wa masika yao, ndala yangu ya kulia ikakatika mkanda, nikaitia mfukoni pamoja na ya kushoto nikawa peku kama Babuji. Mbele yangu mwanamke alikuwa analia kwa sauti ya chini, na kando yangu muuza baluni anatembea na baluni zake, hauzi. Nikakumbuka jioni ya kwanza nilivyokuwa nahangaika kupata mahali pazuri pa kuona, na nikaona aibu, maana ningekuwa mahali pazuri pa kuona usiku ule ningekuwa nimesimama barabarani nawatazama raia wa Ayodhya wakipita.

Siku chache baadaye, Chitrakut, manyunyu yalianza. Miavuli ikafunguka. Tochi ikafifia, ikawa nyekundu, ikazimika. Nikaitikisa, nikaigonga kwenye kiganja, nikazigeuza betri, hakuna. Ramayani hawakusimama. Nikamtazama Babuji kwa mwanga wa karabai iliyokuwa mbali, nikamwona anafungua ukurasa. Nikainama karibu na karatasi kadiri ya kuweza kusoma: ulikuwa ukurasa wenyewe. Baada ya muda akafungua mwingine, mahali penyewe. Macho yake yalikuwa yanatazama mbele, kwenye ukungu, midomo inakwenda na waimbaji.

Lila ilipokwisha, tukiwa tunatembea kuelekea darajani, nikamuuliza. Kama alikuwa anakijua kitabu chote moyoni, kwa nini alinipa tochi?

Akacheka, meno mekundu kwa tambuu. "Na wewe ungekaa wapi?"

Nilinunua betri mpya kesho yake na sikuuliza tena.

Kabla ya Dussehra mwenzangu wa chumba alinipeleka kuona sanamu kubwa za kuchomwa zikitengenezwa: fito za mianzi zilizofungwa kwa kamba, zikavishwa karatasi za rangi, kichwa cha Ravana kimelazwa chini kikubwa kuliko kibanda cha mpiga pasi. Fundi aliyekuwa akipaka gundi aliniona, akaitazama kofia yangu, akasema, "Assalaam alaikum." Nikabaki mdomo wazi. Akaniambia kazi hii ni ya ukoo wao, babu yake aliifanya, na kwamba yeye hutengeneza pia taazia za Muharram, mifano ya kaburi la Imamu Hussein, kwa mianzi hiyo hiyo. Alinieleza jinsi ya kukata mwanzi usipasuke, kwa dakika nyingi zaidi ya nilizohitaji. Habari ya dini hakuigusa, na mimi maswali yangu yote makubwa nikayameza. Banaras nayo wiki hiyo ilikuwa imeanza kutundika taa za kijani. Mwaka ule Maulidi iliangukia tarehe 9 Oktoba, siku zile zile lila inamalizika, na bajaji ikitoka darajani ilikuwa inapita chini ya Rama kwenye kona moja na chini ya "Ya Rasulallah" kwenye kona inayofuata.

Siku yenyewe ya Dussehra Maharaja anakwenda Lanka kwa maandamano ya tembo, anapita katikati ya uwanja wa vita, halafu anageuka anarudi ngomeni. Hasubiri. Wanasema mfalme hatazami mfalme mwenzake akiuawa. Nami nilisubiri nikitegemea kifo kikubwa, upanga, damu, kelele. Anayecheza Ravana ni mtu mzima, na sehemu hiyo imerithiwa ndani ya ukoo wake baba kwa mwana. Ulipofika wakati wa kufa alivua vichwa vyake kumi, ile barakoa kubwa inayong'aa, akavua mikono yake ya ziada, akavishika kwapani kama mtu aliyevua koti. Akatembea hadi kwa yule mtoto. Akainama akamgusa miguu. Akaingia kwenye umati akapotea. Ndiyo basi. Moto wa ile sanamu ya mianzi ulikuja baadaye, na watoto waliupenda, lakini Babuji alikuwa ameshafunga kitabu.

Niliwahi kumwambia kwamba UNESCO wameitia Ramlila kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, tangu 2008. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama hao UNESCO wangekuja kwenye Bharat Milap, maana siku hiyo kupata mahali ni kazi.

Na kweli ni kazi. Bharat Milap ni usiku Rama na nduguye Bharat wanapokutana baada ya miaka 14, na huchukua dakika chache tu: wanakimbiliana, wanaanguka, wanakumbatiana, fataki nyeupe inawashwa. Watu wamekaa tangu mchana kuzisubiri dakika hizo. Sikuona chochote isipokuwa mgongo wa mtu na mwanga. Nilitosheka, na nilijishangaa.

Usiku wa kutawazwa hakuna kulala. Maharaja anatoka ngomeni kwa miguu, peku, anakwenda hadi Ayodhya kumpaka Rama alama ya ufalme usoni, kisha watu wanapita mstari kumwona mfalme wao mpya hadi alfajiri. Miaka miwili kabla ya hapo lila haikuchezwa kwa ajili ya corona, na nadhani ndiyo maana mstari ule ulikuwa hauishi. Watu walikuwa na deni. Babuji alisinzia akiwa amekaa wima, kitabu magotini, na mimi nikaizima tochi nisimwamshe. Alifungua macho papo hapo. Nikaiwasha.

Mwanga wa kwanza ulipotokea, mahtabi, fataki za mwanga, zikawashwa, moja nyekundu na moja nyeupe, na wale watoto watano wakakaa kimya kama mawe katikati ya moshi. Kengele zililia. Nyuma yangu umati ulikuwa umejaa hadi sikuona unakoishia, wengi wamevuka usiku huo huo kutoka Banaras. Mahtabi ziliungua kwa dakika chache zikazimika, na kulipobaki mwanga wa asubuhi tu, wale watoto walionekana wadogo sana na wamechoka sana, na watu wakaanza kuulizana njia fupi ya kufika darajani.

Siku ya mwisho, Rama na wenzake wakishaalikwa ngomeni, wakalishwa na kuagwa, tulisimama na Babuji nje ya lango kubwa karibu na wauza lassi. Alichukua tochi mkononi mwangu. Akaifungua kitako, akazitoa betri zote mbili, akazifunga kila moja peke yake kwenye kipande cha gazeti, zisije zikavuja ndani zikaitia kutu. Tochi akairudisha kwenye mfuko wa kitabu. Betri akaniwekea mimi kwenye mfuko wa shati, akazipapasa kwa nje.

"Bhadon," akasema. Ndio mwezi lila inapoanza.

Kisha akamsimamisha mwenye bajaji na kuanza kugombana naye kuhusu nauli yangu.